Hando Begani

Fulana ilikuwa imegandana na bega la Thoya, na Kahaso hakutaka kuivuta. Aliloweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, akakikamua juu ya bega la mumewe, akangoja, kisha akakikamua tena. Thoya alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mikono magotini, akitazama kuku kana kwamba shughuli ile haimhusu. Kila chumvi ilipopenya alikaza taya. Kahaso aliliona taya hilo akanyamaza, maana alimjua mumewe. Ukimpa pole atakuambia haumii.

Fulana ilipoachia, iliondoka na ngozi.

"Baba Mapenzi, hili si bega tena."

"Ni mkanda tu. Bado mpya. Utazoea."

"Nani atazoea, mkanda au wewe?"

Mkanda wenyewe ulikuwa umetundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, bado umepitishwa kwenye bamba la chuma la mgongoni, na hata pale juani ulisimama wima kama ubao. Ulikuja Garsen pamoja na vifaa vingine baada ya mafuriko, wafadhili wakavikabidhi kwa kikundi cha wazamiaji wa kujitolea, picha zikapigwa, watu wakapiga makofi hadi viganja vikawawasha. Mtungi wa hewa ulikuwa mzuri. Miwani ilikuwa mizuri. Mpira wa kupumulia ulitoa hewa bila matata. Lakini mikanda ya kubebea mtungi ilikuwa ya nailoni nene iliyofumwa ikakaza, na kingo zake zilikuwa kali. Aliyeitengeneza bila shaka alimfikiria mtu aliyevaa suti nene ya mpira. Suti hiyo haikuletwa, na hakuna aliyeuliza. Thoya alizama kwa fulana ya kampeni za uchaguzi uliopita.

Aliyekuwa akitafutwa ni Issack, mwana wa Dukicha, Muorma wa maboma ya ng'ombe ng'ambo ya Idsowe. Alikuwa akivusha ng'ombe mto ulipojaa ghafla. Ng'ombe walivuka. Yeye hakuvuka.

Jana yake Thoya alizama kumtafuta. Mkanda ukamkata begani mpaka maumivu yakamtia wazimu, naye akaulegeza kidogo apate nafuu. Mtungi ukahama ukamlalia ubavuni, mkondo ukampindua miguu juu, na kama si mwenzake Jilo aliyeshika kamba ukingoni na kumvuta, tungekuwa tunatafuta watu wawili. Alitoka akitapika matope. Kijana mmoja katika kundi la watazamaji akasema, "Kumbe vifaa vya kupigia picha," na wengine wakacheka. Dukicha hakucheka. Aliinuka, akamwambia Thoya asante, akaenda zake na fimbo yake. Asante ile ilimuuma Thoya kuliko kicheko.

"Muuguzi amesema usiingie majini mpaka kidonda kifunge," Kahaso alisema.

"Nimemsikia."

"Basi?"

"Basi kesho asubuhi naingia."

Kahaso alitupa kitambaa ndani ya beseni. Alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, juu ya mtoto wao Mapenzi, juu ya usaha, juu ya mamba. Thoya akamwahi.

"Nilimgusa, Mama Mapenzi."

"Ulimgusa nani?"

"Issack. Maji yaliponipindua, nilishika shuka. Lipo chini ya mizizi ya mti ule ulioanguka, pale chini ya kivuko. Halikuwa shuka tupu." Alisema hayo akiwatazama kuku. "Sikumwambia babake. Nitamwambia nini? Kwamba nilimshika mwanao nikamwachia kwa sababu bega lilikuwa linaniuma?"

Kule juu mvua ilikuwa imenyesha, redio ilisema tangu asubuhi, na kila mtu wa delta anajua maana yake. Leo mto umeshuka. Kesho kutwa utakuja na maji mapya, na mizizi ile itaachia ilichoshika. Baada ya hapo ni bahari, au mamba.

Wapo wanawake ambao hapo wangemfungia mume mlango, na mimi nisingewalaumu. Kahaso alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaliangusha lile bamba chini pamoja na mikanda yake.

"Ukiulegeza, unakufa. Ukiukaza, unakukata," alisema. "Basi mwenye makosa ni huyu. Nitolee huu mkanda kwenye chuma chake."

*

Kwanza aliuloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga. Mkanda ulitoka msafi na mgumu vilevile. Kisha akautia kwenye kinu na kuutwanga kwa mchi, akiuinua na kuushusha kwa hasira, kuku wakisogea karibu kwa matumaini.

"Ukimaliza upepete," Thoya alimwambia.

"Wewe nyamaza."

Alipoutoa, ulijikunjua wenyewe ukasimama. Kahaso aliutazama kama mtu anayetazama mgeni asiyetaka kuondoka. Ndipo aliposikia hodi.

Walikuwa Dukicha na mkewe Madina, mamake Issack. Madina alijitanda mtandio mweusi, na chini yake alikumbatia kibuyu kilichofungwa kwa kamba ya ngozi. Kahaso alipowaona, kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni mahindi yake. Msimu uliopita ng'ombe wa Dukicha waliingia shambani mwake yakiwa yanabeba, kesi ikafika kwa chifu, na tangu siku hiyo nyumba hizi mbili zilisalimiana kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Kisha akaona macho ya Madina, mekundu na makavu, akajionea haya kwa kukumbuka mahindi.

"Karibu, mama. Karibu, mzee."

Walikaa. Dukicha aliweka fimbo yake chini, akamtazama Thoya. "Bega nionyeshe."

Thoya alisita, kisha akateremsha kanga aliyojifunika. Mzee aliinama akatazama upande mmoja, akazunguka akatazama wa pili. Aliinua kanga kwa ncha za vidole akamfunika tena, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Madina naye alimgeukia Kahaso. "Mama Mapenzi, watu wanasema kamba inakata bwana yako."

"Ni kweli, mama. Ni huu hapa. Nimeuchemsha, nimeutwanga, haunisikii."

Madina aliupokea, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaukunja, akautazama ukijikunjua. "Hii ni kama ngozi ya ng'ombe siku ya kwanza," alisema. "Ngozi mimi najua. Kamba ya kufunga maziwa juu ya punda, mimi natengeneza tangu msichana. Nimeleta samli."

"Ah, asante, nitaipikia—"

"Si ya kula. Ya kamba."

Wakaketi mkekani wanawake hao wawili, mkanda kati yao. Madina alichota samli kwa vidole, akaipaka, akaisugua kwa kiganja mpaka ikaingia kwenye nyuzi, na Kahaso akamfuata upande wa pili akiiga mkono wake. Ua lote lilinuka samli. Hawakuzungumza sana. Mara moja tu Madina alisema, "Issack anapenda samli," na Kahaso akasikia kile kitenzi kilichosemwa kana kwamba Issack yuko malishoni na atarudi jioni, akazidi kusugua.

Mkanda ulianza kung'aa. Ulianza pia kukunjika. Thoya aliupitisha kwenye bamba, akafunga mtungi, akaingiza mikono, akavuta ncha kukaza. Kifungio cha chuma kiliitika. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Haukati," alisema. "Hebu—"

Hakumaliza. Mkanda ulichomoka kwenye kifungio chake kwa ulaini ule ule uliokuwa unasifiwa, mtungi ukateleza mgongoni, ukaanguka juu ya sufuria ya kunde iliyokuwa pembeni ya jiko. Kunde zikaruka hadi kwenye kanzu ya Dukicha. Sufuria ikabonyea, haikuwa sufuria tena. Kuku walikuja mbio kula.

Hakuna aliyecheka. Wote wanne waliliona jambo moja: kwamba ingekuwa mtoni, ingekuwa chini, gizani kwenye tope.

"Mafuta," Thoya alisema. "Mwalimu aliyenifundisha kuzamia alinionya kabisa. Mafuta na hewa hii iliyoshindiliwa mtungini havikai pamoja, vinaweza kuwaka moto. Nami nilikuwa nimekaa hapa natazama."

Madina alivuta mtandio ukamfunika uso. "Nimetaka kuua bwana yako," alisema kutoka humo ndani. "Kijana yangu ameenda, sasa nataka kuua bwana ya mtu."

Hapo Kahaso alikuwa na nafasi yake. Kunde zilikuwa chini, sufuria imeharibika, mume nusura aumie, na mahindi ya mwaka jana hayajalipwa. Mwanamke mwingine angesema neno moja tu, na lingetosha kuzitenga nyumba hizi mpaka wajukuu. Yeye alijisogeza mkekani akakaa bega kwa bega na Madina.

"Mama, mimi niliutwanga kwenye kinu," alisema. "Kama ni kuaibishwa, mkanda huu leo umetuaibisha sote."

Ndani ya mtandio kukatoka sauti kama kicheko, kisha ikageuka ikawa kilio, kilio chenyewe, ambacho mama huyu hakuwa amekilia tangu mto umchukue mwanawe kwa sababu hakukuwa na maiti ya kuililia. Kahaso alimshika. Wanaume walitazama chini. Dukicha akaanza kuokota kunde kwenye kanzu yake, moja moja.

*

Waliutoa mkanda samli kwa maji ya moto na sabuni, wakaupaka majivu, wakausuuza, wakaurudia, mpaka Thoya akaunusa na kuridhika. Uliporudi kuwa msafi ulirudi pia kuwa mgumu, ingawa si kama mwanzo. Madina alikaa ameushika mapajani, anafikiri.

"Samli ni ya kusaidia tu," alisema polepole. "Kwa ngozi, kazi ni kuvuta. Ukipaka bila kuvuta, inabaki ubao. Mimi nimesahau. Akili yangu haiko hapa, iko mtoni."

"Kuvuta vipi?"

Madina aliinuka akatazama huku na huko. Nguzo ya jiko ilikuwa ya mti wa mkoma, imelainishwa na migongo ya watu waliokuwa wakiiegemea kwa miaka. Aliuzungusha mkanda kwenye nguzo ile, akampa Kahaso ncha moja, akashika nyingine, akavuta. Kisha akaashiria kwa kidevu, na Kahaso akavuta kwake. Huyu akivuta, yule analegeza. Mkanda ulilia kwenye nguzo kama msumeno, ukapata moto, nguzo ikatoa unga.

Mtu asidhani ni kazi ndogo. Jaribu kuuvuta mkanda wa nailoni kwenye nguzo mpaka jua lihame kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Viganja vya Kahaso vilipasuka malengelenge. Vya Madina vilikuwa vigumu tayari, lakini hakuwa amekula tangu msiba, na mara mbili ilibidi akae chini. Thoya alijaribu kushika, bega likamkatalia. Basi Dukicha akavua kanzu yake, mzee wa watu, akabaki na kikoi, akachukua ncha ya mkewe. Kwa hiyo jirani mwenye ng'ombe na jirani mwenye mahindi wakawa wanavutana kwenye nguzo ya jiko, na kama chifu angepita saa ile asingeelewa ni kesi gani.

"Wewe iko na nguvu," Dukicha alimwambia Kahaso akihema.

"Nguvu za kupalilia, mzee."

Dukicha alivuta mara kadhaa kabla ya kusema tena. "Yale mahindi. Ni makosa yangu. Mimi nilijua mchungaji amelala, na mimi sikusema."

Kahaso alivuta ncha yake. "Tumalize hili kwanza," alisema. Lakini alilisikia, na lilimwingia.

Mwishowe Madina aliutwaa mkanda akautundika kwenye mkono wake. Uliangukia pande zote mbili, ukalala. Ulikuwa mkavu, unashika vizuri kwenye kifungio, na unakunjika ukiambiwa. Thoya aliujaribu na mtungi ukakaa pale ulipowekwa. Tatizo likabaki moja. Kingo zilikuwa zimelainika, lakini kwa bega zima, si kwa bega lililochubuka. Zilipogusa nyama Thoya alifumba macho.

"Nitavumilia," alisema.

"Jana ulivumilia," Kahaso alimjibu, akaingia ndani.

Alirudi na hando la marehemu mamake. Ni ile sketi nene ya Kigiriama, kitambaa cheupe kilichopangwa marinda juu ya marinda mpaka kikakaa kiunoni kama mto. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi hata likawa na ulaini usionunuliwa dukani. Mamake alilivaa kwenye ngoma na kwenye matanga, na kabla ya kufa alimwekea Kahaso mikononi bila maelezo. Mchungaji wa kanisa hakulipenda, kwa hiyo lilikaa chini ya sanduku. Kahaso hulitoa siku nyingine akiwa peke yake, akaweka uso humo.

Thoya alipoona mkasi alisimama. "La. Hilo la."

"Kaa."

"Kahaso, hilo ni la mamako."

"Najua ni la nani." Alilikunjua mkekani. "Mamangu alizaa, akazika watoto watatu. Angekuwa hapa angeshika mkasi yeye."

Akakata. Madina alielewa kinachokatwa bila kuelezwa, akashika kitambaa kisitetereke. Wakatengeneza foronya mbili ndefu, marinda ndani na nje, wakazivisha mkanda mahali panapopita begani tu, wakaacha wazi mahali pa kifungio ili chuma kishike nailoni na si nguo. Kahaso alishona kwa uzi wa gunia, mishono mifupi iliyokazwa. Nimeona mishono ya mafundi wa mjini yenye majina makubwa. Hii ya Kahaso, ya viganja vilivyopasuka, naiweka juu yake.

*

Asubuhi watu walikuwa wamejaa ukingoni kabla ya jua kupata nguvu. Kahaso hakuwa na kawaida ya kwenda kumtazama mumewe akizama. Leo alikuja.

"Shemeji, leo umetoka?" Jilo alimuuliza akikagua kamba.

"Nimekuja kutazama mishono yangu."

"Iko fiti. Buda wako amevaa kama bwana harusi."

Ni kweli mabega ya Thoya yalikuwa meupe kwa lile hando, na yule kijana wa juzi alianza kusema kitu. "Sasa ndio amevaa sketi—" Mzee mmoja wa Kipokomo alimgeukia akamtazama, na sentensi ikafia hapo. Vijana wawili walipiga maji kwa upondo kuwafukuza mamba. Thoya alikaza mikanda, akaikaza hasa, mpaka mwisho, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Uso wake haukubadilika. Kahaso alikuwa akiutafuta ule mkazo wa taya, hakuuona, akajua kwamba angalau hilo limekwenda sawa. Thoya akazama.

Baada ya hapo hakuna cha kusimulia ila kamba. Jilo aliishika kwa mikono miwili akiisoma. Ikivutwa mara moja, yuko salama. Ikivutwa mfululizo, mpandishe. Povu lilielekea kwenye mti ulioanguka, likatulia hapo. Kamba ilivuta mara moja. Maji ya kahawia yalipita, na juu yake magugu mapya, mabichi, ishara kwamba mto umeanza kupokea maji mapya. Dukicha alisimama na shuka jeupe limekunjwa mkononi. Madina alikuwa nyuma na wanawake, ameushika mkono wa Kahaso palepale penye malengelenge, na Kahaso alimwacha aumize.

Kamba ikatetema mfululizo.

Jilo alivuta, wanaume wakamshika Jilo. Kwanza kilitokea kichwa cha Thoya, kisha mabega, na kwenye mabega yale, amekumbatiwa kama mtoto aliyelala safarini, alikuwa Issack ndani ya shuka lake. Mtungi haukuwa umehama hata kidogo. Thoya alitembea naye kwa miguu yake mpaka mahali pakavu. Dukicha akakunjua lile shuka jeupe, na kwenye ukingo wote, penye Waorma na Wapokomo na Wagiriama, hapakuwa na mtu aliyeacha kofia kichwani ila wale ambao dini yao inawataka wabaki nayo.

Wanaume wa Kiislamu walimwinua Issack haraka kwenda kumwosha, maana alikuwa amecheleweshwa vya kutosha. Dukicha alitangulia, kisha akarudi. Alimshika Thoya mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaenda kumzika mwanawe.

Jilo aliuondoa mtungi. Thoya alikaa chini kwenye tope, bado na mikanda mwilini, hana nguvu za kujifungua. Hando lilikuwa limegeuka rangi ya mto. Madina alimwacha Kahaso, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Wewe umembeba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kichwa yake ilikuwa wapi?"

Thoya hakuwa na haja ya kukumbuka. Aligusa bega lake la kushoto. "Hapa. Nilimlaza hapa njia yote."

Madina aliweka kiganja juu ya lile hando lililolowa. Akalibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyoupima mkanda jana mkekani, mara moja, na tena.

"Ilikuwa laini?"

"Palikuwa laini, mama."

Madina aliinamisha kichwa, akaacha mkono wake ukae hapo, umebonyeza. Chini ya kitambaa kile kidonda kilikuwa kinamchoma Thoya mpaka machozi yakamlenga. Hakusogea.